Msemaji wa Mzee Abdulwahab

Kama kuna mtu pale Nkuhungu aliyejua uzito wa neno la mtu, basi ni Mzee Abdulwahab. Alizaliwa milimani Kondoa, akasoma, akateremka Dodoma kutafuta maisha, akaajiriwa bungeni kuandika Hansadi, ile kumbukumbu rasmi ya kila linalosemwa mle ndani. Spika za kubana masikioni, pedeli ya kusimamisha sauti mguuni, vidole kumi kwenye kibodi. Mheshimiwa akinguruma, yeye anaandika. Mheshimiwa akijikanyaga, yeye anaandika vilevile. Na kila kijana aliyeletwa afundishwe naye alisikia wimbo uleule: mwandike mtu alichosema, siyo ulichodhani anataka kusema. Mmoja aliwahi kuinyoosha sentensi ya mheshimiwa iliyopinda, kwa nia njema kabisa. Mzee alimrudisha akasikilize upya, mpaka sentensi ikapinda tena kama ilivyotoka mdomoni mwa mwenyewe.

Basi sikieni yaliyompata mtu huyo. Alistaafu salama, akamaliza nyumba yake, akatulia. Asubuhi moja akiwa uani anatia udhu, kopo likamponyoka. Akainama kuliokota, mkono wa kulia ukakataa. Akamwita mkewe, Mwamvua, na kilichomtoka mdomoni hakikuwa jina la mtu wala la kitu. Kiharusi. Alirudi kutoka hospitali mguu unaburuta, mkono wa kulia unaning'inia, ulimi umelala. Akijitahidi sana alitoa mgumio, na mgumio wenyewe ulimtia aibu, akauacha. Ila kichwani hakikupotea kitu. Kila alichokijua alikijua bado, na kila alichotaka kukisema kilikuwa pale pale, kimepangwa, na nukta zake na mikato yake. Hilo ndilo watu hawakulielewa, na ndilo lililomuuma kuliko mguu na mkono.

Maana mtu asiyesema, jamani, watu humgawia haja nne tu: maji, chakula, choo na usingizi. Akitazama dirisha, anataka maji. Akitazama mlango, anataka choo. Siku moja alimtazama Mwamvua kwa muda mrefu kwa sababu alikuwa anampenda na alitamani kumwambia pole kwa kazi ya kumuuguza. Mwamvua akakimbia jikoni kumletea uji. Akaunywa. Afanyeje?

Aliyezidi wote ni mdogo wake, Mustapha. Huyu ni mfanyabiashara wa alizeti kule Kondoa, mtu mwenye mwili, kicheko na moyo mkubwa, huwezi kumchukia hata ukijitahidi. Tangu kaka yake augue, yeye ndiye aliyebeba kila kitu: dawa, mtu wa kumnyoosha viungo, paa lililokuwa linavuja. Akabeba na mdomo. Mgeni akifika akasema, "Shikamoo mzee, unaendeleaje?" Mustapha anajibu, "Kaka anasema hajambo, anamshukuru Mungu." Kaka hajasema hivyo! Kaka bega limemuuma usiku kucha, na kama angeulizwa angesema bega linauma.

Siku watu wa Mudrick walipokuja kumposa Ikram, binti wa pekee wa Mzee Abdulwahab, salamu hazijaisha Mustapha akatangaza, "Kaka ameridhika kabisa, furaha aliyonayo haina kifani." Kweli aliridhika. Mudrick ni kijana mwenye adabu, anafundisha hesabu Mpwapwa. Lakini baba alikuwa na maswali mawili ya kumuuliza kwanza, na hayo maswali yalibaki tumboni mwake. Machozi yakamtoka pale pale. Mustapha akawaambia wageni hayo ni machozi ya furaha.

Ikram ndiye aliyeona. Ikram ni fundi kompyuta, ana kibanda chake mjini, na hana maneno mengi. Hakubishana na baba yake mdogo. Alirudi nyumbani jioni moja na kishikwambi cha zamani alichokinunua kwenye vitu chakavu vya ofisi fulani. Kioo kizima, kikubwa, lakini ndani kimechoka, ukikigusa leo kinakujibu kesho. Akafuta kila kilichokuwemo, akaweka Linux.

"Baba, huu ni mfumo wa bure," akamwambia. "Nao unaruhusu kukatwa na kushonwa upya upendavyo."

Kukata na kushona mzee alikuelewa. Shida ilikuja kwenye kuvaa. Linux haina sura moja, ina sura nyingi za kuchagua, na nyingi zimeshonewa mtu mwenye kipanya na mikono miwili mizima. Ya kwanza aliyowekewa inaitwa GNOME. Nzuri hasa, vitufe vikubwa, kibodi inachomoza yenyewe chini ya kioo ukigusa pa kuandikia. Ila kwa kifaa kile kikuukuu ilikuwa nzito. Mzee akiandika Mwamvua, inatokea "Mwa", kimya, kisha "mvuaaaaa". Ikram akaiondoa, akaweka nyingine, Xfce, nyepesi, inakimbia. Lo, hii nayo ilitaka kipanya! Alama ya kufungia dirisha ndogo kama punje ya uwele, na kidole cha mkono wa kushoto, ambacho maisha yote kilikuwa msaidizi tu, kikawa kinakosa, kinagusa jirani, kinafunga kilichotakiwa kufunguka. Vidole kumi vilivyoandika hotuba za bajeti, kikabaki kimoja, tena kile kivivu. Alikuwa anakisukuma kifaa pembeni, anageukia ukuta kwa hasira, na hasira yenyewe hana pa kuitolea. Jioni Ikram anarudi, anakuza hiki, anasogeza kile, hakemei, hachoki.

Mwisho akamtengenezea ukurasa wa vitufe vinne, kila kimoja ukubwa wa kisahani cha chai. Ukigusa kitufe, kishikwambi kinasema. Juu kushoto, "Naomba maji." Juu kulia, "Naomba nipelekwe msalani." Chini kushoto mzee alichagua mwenyewe, na Ikram alicheka alipomwona anakiandika: "Hapana, sivyo nilivyosema." Chini kulia kilikuwa kitupu, cha kuandika lolote, analoandika linakaa hapo, akikigusa linasemwa.

Sauti yenyewe ilikuwa ya ajabu, ya mwanamume aliyebanwa pua anayesoma tangazo la msiba. Lakini Kiswahili kilieleweka. Mwamvua alipoisikia mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia. Mzee akagundua kwamba ukiweka mkato, sauti inapumzika kidogo. Basi akawa anaiwekea mikato kwa uangalifu uleule wa kazini, na nyumba ile ikaanza kumsikia tena. Alimwambia Mwamvua pole kwa kazi. Alimwambia na mambo mengine, hayo tuyaache.

Kifaa kilikuwa na ugonjwa mmoja. Kikizimwa kwa nguvu na kuwashwa upya, mara nyingine picha inakaa vizuri machoni, kumbe mguso umepinduka: unagusa chini kulia, kinachoitika ni juu kushoto. Dawa yake Ikram alikuwa nayo, mstari mmoja wa amri, anauandika, mambo yanarudi mahali pake. "Usijali, baba. Si mimi nipo?" ndiyo ilikuwa kauli yake. Na sasa Ikram alikuwa anaolewa, anakwenda Mpwapwa.

Mzee alitaka kitu kimoja tu katika harusi ile. Hakutaka nyama, hakutaka kanzu mpya. Alitaka kumwozesha binti yake kwa maneno yake mwenyewe. Si kwa kutikisa kichwa. Si kwa mdomo wa Mustapha. Yeye ni baba, yeye ndiye walii, na neno la siku ile lilikuwa lake. Akamwandikia Ikram hivyo, na Ikram akaenda kumwita Shehe Hamza.

Shehe Hamza ni mtu mpole lakini mwenye haraka zake, kila Jumamosi ana ndoa tatu. Akakaa kwenye busati, akakigeuzageuza kishikwambi, akauliza, "Sasa mzee wangu, anayesema hapa ni wewe au ni hiki?"

Mzee akaandika polepole, shehe akisubiri. Sauti ikatoka: "Hiki ni mdomo, maneno ni yangu."

Shehe akacheka mpaka ndevu zikatikisika. "Haya, umenishinda. Mimi nitapokea kile utakachokigusa kwa kidole chako mbele ya mashahidi. Kikikataa, mdogo wako atakuwa wakili wako, tumalize kheri yetu. Sawa?"

Mzee akaandika tena. "Hakitakataa."

Akaitunga sentensi yake, akaifuta, akaitunga tena. Ilipokamilika ilisema: "Mimi, Abdulwahab, nimekuozesha wewe, Mudrick, binti yangu, Ikram, kwa ridhaa yake, na ridhaa yangu, kwa mahari mliyokubaliana." Akaiweka kwenye kitufe cha chini kulia na hakuandika kitu kingine hapo mpaka siku ya harusi. Akibaki peke yake sebuleni alikuwa anakigusa, anaisikiliza, anatulia. Wiki nzima Mwamvua aliisikia akiwa jikoni, mpaka naye akaijua kwa moyo.

Jumamosi ikafika. Turubai likafungwa uani, na upepo wa Dodoma ukalipiga kama kawaida yake, vumbi likiwaingia watu puani. Wageni wa Kondoa walikuwa wamejaa, na majirani wa Nkuhungu, Waislamu kwa Wakristo, na wazee wawili watatu waliofanya kazi na mzee bungeni. Wanawake walikuwa ndani na bibi harusi. Mzee Abdulwahab alikaa mbele kwenye kiti cha mikono, kanzu nyeupe, kofia ya kazi nzuri, kishikwambi mapajani, kimeshiba chaji. Wenzake wa zamani walipomwamkia, aliwajibu mwenyewe kwa kishikwambi, kidole kimojakimoja, kisha akairudisha ile sentensi mahali pake. Walimshika bega. Jamani, mzee alikuwa na furaha! Ilikuwa imeandikwa usoni, upande ule wa uso uliokuwa bado unaandikika.

Mudrick akakaa mbele yake mkekani, magoti kwa magoti na shehe. "Shikamoo, baba." Mzee akainua mkono wa kushoto.

Hapo ndipo Mustapha alipoinuka na mrashi.

Ndoa bila marashi kwao haijawa ndoa. Mustapha alikuwa ameuleta mrashi wa mama yao kutoka Kondoa, ule wa shingo ndefu, umejaa maji ya waridi. Akawa anapita safu kwa safu, anawanyunyizia watu mabegani, huku anatania huyu, anamkumbatia yule. Alipofika kwa kaka yake akasimama. Machozi yalimlenga. "Kaka yangu," akasema, na akamnyunyizia kofiani, mabegani, kifuani, bila choyo. Kisha akakitazama kishikwambi. "Na huyu msemaji wako naye apate, leo ni siku yake!" Akakitikisia mrashi, mara moja, mara mbili, mara tatu. Watu wakacheka, wakaitikia mashaallah.

Loo! Vioo vile havitofautishi tone la maji na kidole cha mtu. Kila tone la marashi lilikuwa kidole, na kioo kizima kikapata vidole visivyo na mwenyewe. Ukurasa wa vitufe ukafungika. Kikafunguka kisanduku cha picha, kikafungika. Orodha ikashuka, orodha nyingine ikashuka juu yake. Mzee akapanguza kwa mkono wa kanzu, na kila alipopanguza alisambaza maji, na kila maji yaliposambaa yaligusa kitu kingine. Alitaka kusema, acheni, nipeni kitambaa kikavu. Aseme kwa kitu gani, na msemaji mwenyewe ndiye anayezama? Akaona maandishi madogo yakimuuliza kama anataka kutoka. Tone moja likajibu ndiyo.

Kioo kikawa cheusi, kisha cha kijivu. Katikati pakatokea mstari mmoja mtupu wa kuandika neno la siri.

Neno la siri alilijua. Lilikuwa jina la mama yake. Akagusa ule mstari, mshale ukapepesa, akangoja kibodi ichomoze. Haikuchomoza. Ile sura nyepesi, jinsi Ikram alivyoishona, kibodi yake iko ndani ya nyumba, mlangoni, pale pa neno la siri, haipo. Siku zote kishikwambi kikiwashwa kiliingia chenyewe bila kuulizwa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kufikiri habari za mlangoni. Mzee akagusa tena. Akagusa pembeni, akagusa chini. Herufi zote ziko kichwani, kwenye kioo hakuna hata moja. Mtu aliyeishi kwa kibodi miaka yake yote akawa anaitafuta kibodi kwenye kioo kitupu, mbele ya watu mia, na jasho likaanza kumtoka chini ya kofia.

"Vipi, kaka?" Mustapha akainama. "Kimezima? Shemeji! Shemeji Mwamvua! Hebu muulize Ikram huku kuna nini!"

Mwamvua, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaingia ndani mbio, akatoka mbio. "Anasema kibaneni kitufe cha pembeni mpaka kizime kabisa, halafu mkiwashe. Kitaingia chenyewe."

Mustapha akakichukua, akakibana kwa dole gumba lake la kubebea magunia. Kikazima. Akakiwasha, akakirudisha mapajani mwa mzee. Kialama kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Kifaa kile cha zamani kuamka kwake ni kama kusubiri maharage kuiva, hilo Mzee Abdulwahab alilijua, na alimwomba shehe kwa macho. Shehe aliyaona macho, lakini hakuyaelewa.

Akatazama saa yake. Akakohoa kidogo. "Nina watu wananisubiri Ihumwa," akasema kwa upole, "na Alasiri hiyo inakuja."

Wageni wakaanza kunong'ona. Upepo ukainua turubai, ukalishusha. Mudrick alikuwa amekaa mkekani hajui atazame wapi. Kialama kinazunguka.

"Shehe, tusikucheleweshe," Mustapha akasema, na wala hakuwa na ubaya moyoni, masikini, alikuwa anataka kumwokoa kaka yake na aibu. "Kaka ameridhika, mimi namjua. Si umeridhika, kaka?"

Watu wote wakamgeukia.

Sasa ajibu nini? Akitikisa kichwa kukataa, hakuna atakayeelewa kwamba anakataa kusemewa. Wataelewa kwamba anamkataa Mudrick. Ndoa itasimama, ndani vigelegele vitakatika, na Ikram atasikia kwamba baba yake amesema hapana. Akiinamisha kichwa kukubali, amemkabidhi Mustapha neno lake, na halitarudi. Alikuwa na ndiyo moja na hapana moja, na alichotaka kukisema hakikuwa kwenye ndiyo wala kwenye hapana. Alijiona amebanwa kama mtu aliyefungiwa chumbani anayesikia wenzake wakizungumza habari zake upande wa pili wa ukuta. Akawatazama wale wenzake wa zamani wa bungeni. Wakainamisha macho.

Akainamisha kichwa. Ndiyo.

"Umeona, shehe!" Mustapha akasema, akakaa mahali pa baba.

Akapeana mkono na Mudrick, akaozesha. Akasema maneno yanayotakiwa, halafu, kwa kuwa ni Mustapha, akaongeza ya kwake: kwamba kaka yake anamtoa binti huyu akiwa na furaha isiyo na kifani, kwamba anasema Mudrick ni mwanawe tangu leo, kwamba anawaombea watoto kumi na wawili. Watu wakacheka, wakaitikia amina. Mzee Abdulwahab alisikiliza kila neno, na kila neno alilipigia mstari akilini. Sikusema hivyo. Hilo pia sikulisema. Alikuwa na kitufe cha kulisema hilo, chini kushoto, na kitufe hicho kilikuwa bado nyuma ya kialama kinachozunguka. Mudrick akaipokea ndoa. Vigelegele vikapasuka ndani ya nyumba. Shehe akasoma dua, akampa mzee mkono wa kheri, akaondoka haraka kuelekea Ihumwa.

Na ndipo kishikwambi kilipomaliza kuamka. Kikaingia chenyewe, kama Ikram alivyosema, ukurasa wa vitufe vinne ukatokea, safi, wima, kila kitufe mahali pake.

Baada ya kula, bibi harusi akatolewa aage. Gari la kwenda Mpwapwa lilikuwa limeshawashwa nje. Ikram alikuja na hina mikononi na shela usoni, akaifunua, akapiga magoti mbele ya baba yake bila kujali vumbi. Mudrick akachuchumaa kando yake. Ikram alikuwa ameshasimuliwa kila kitu na mama yake, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Baba, kimewaka," akasema. Akakipanguza kwa ncha ya mtandio mpaka kikakauka, akakiweka sawa mapajani mwa mzee. "Nimeambiwa. Naomba unisamehe, ile kibodi ya mlangoni ningeikumbuka mimi. Ila sisi tupo hapa. Sema, baba. Mimi nataka kuolewa kwa maneno yako."

"Kimya jamani, kimya!" Mustapha akapaza sauti. "Kaka anataka kusema!"

Uwanja mzima ukatulia. Wanawake wakatoka mpaka barazani. Mzee Abdulwahab akamtazama mwanawe, akamtazama mkwewe. Moyo ukamwambia bado, bado hujachelewa, shehe ameondoka lakini mwenye kusikia yupo. Akapeleka kidole chini kulia, akagusa.

"Naomba maji," kishikwambi kikasema.

Kabla kidole hakijainuka uwanja ulishalipuka. "Maji! Maji! Mzee anataka maji!" Mwamvua akakimbilia ndani. Watu wawili wakafungua chupa kwa wakati mmoja. Ikram akaelewa papo hapo, rangi ikamtoka. Alisahau kwamba kifaa kile kilizimwa kwa nguvu, alisahau kupima mguso. "Siyo maji!" akasema. "Jamani siyo maji, mguso umepinduka! Baba mdogo, subiri, nipe nikirekebishe..." Nani amsikie? Honi ililia, wanawake wakaanza kuimba, shangazi zake wakamwinua kwa makwapa. "Twende, mwanangu, msifikiwe na giza njiani. Muache baba anywe maji."

Mzee naye alikuwa ameelewa. Aliujua ugonjwa ule. Kilichotakiwa ni kugusa juu kushoto, basi, inchi chache tu, na kidole chake kilikuwa njiani kinakwenda huko. Mustapha akakidaka kile kiganja njiani, akakifunua, akakitia bilauri iliyojaa maji, akakifumba vidole kimojakimoja. "Taratibu, kaka, usimwage." Kisha, kwa kuwa leo alikuwa amejifunza, akakiondoa kishikwambi mapajani asije akakilowanisha mara ya pili, akakibana kwapani mwake.

Mkono mmoja ndio aliokuwa nao, na ulikuwa umejaa maji. Angeiachia bilauri ianguke. Aliwaza hivyo. Lakini wangesema hata mkono wa kushoto sasa umekwenda, Mwamvua angepiga yowe, na Ikram angeondoka nyumbani kwao na yowe hilo masikioni. Akaishikilia. Ikram aligeuka mara ya mwisho mlangoni mwa gari, akamwona baba yake amekaa na bilauri mkononi, akafungua kinywa kusema kitu, mlango ukafungwa. Gari likatoka na vumbi lake na nyimbo zake.

Watu walikuwa bado wanamtazama mzee, wamefurahi, kila mmoja anafurahi kwamba leo angalau jambo lake moja limeeleweka. Akainua bilauri, akanywa. Akanywa yote, maana alipoishusha walimwonyesha kwa mikono amalizie.

Mustapha akaipokea bilauri tupu, akampangusa kidevu kwa leso yake mwenyewe. Alimwonea kaka yake huruma ya kweli, sauti ilimtoka ya chini kabisa.

"Kiu yote hiyo, kaka," akasema. "Si ungesema tu?"